Nyama Si Haramu, Nimeiacha kwa Muda



Tangu muhula huu uanze sijanunua nyama. Hapa Bujumbura najipikia peke yangu: leo maharage yanayonitosha siku mbili, kesho kutwa lengalenga kwa kitunguu na mawese, na ugali wa muhogo.

Wapo wanaoniuliza: je, umejiharamishia? Hasha! Katika Suratul-Maida, aya ya 87, Mwenyezi Mungu ametukataza kuviharamisha vitu vizuri alivyotuhalalishia. Sikuapa wala sikuweka nadhiri. Ndugu akinialika na nyama ipo, nakula na kushukuru.

Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa miezi ilikuwa ikiandama na kupita bila moto kuwashwa katika nyumba za Mtume (s.a.w.), riziki yao ilikuwa tende na maji. Basi sufuria yangu ya maharage ni neema kubwa.

Fedha ya nyama naiweka kwa ajili ya mwenzetu anayelala na njaa. Isipomfikia, nitakuwa nimebana matumizi tu. Ewe ndugu, kabla hujala, ulizia mlango wa jirani.

Allah atutakabalie. Amin.