Kutubu ni Kurudisha

Kuna wizi ambao mtu haufichi, bali huuweka mbele ya nyumba yake ili wageni wausifu. Wa namna hiyo ulikuwa wizi wa korongo mwenye taji katika nchi ya Rwanda, na jinsi unavyotengenezwa siku hizi yatupasa kuitafakari, maana ndani yake mna fundisho kwa kila Mkristu.

Ndege huyu watu wa nchi za Maziwa Makuu wanamfahamu vema. Ni mrefu, wa rangi ya kijivu, mwenye weupe mabawani, ngozi nyekundu chini ya koo, na taji ya manyoya ya dhahabu kichwani. Waganda wamemweka katikati ya bendera ya taifa lao. Wanyarwanda humwita umusambi. Dume na jike huishi pamoja miaka mingi, hutaga katika majani ya mabwawa, na huwalea watoto wao wawili au watatu kwa uangalifu mkubwa.

Uzuri wake ndio uliomponza. Kwa miaka mingi watu maskini waliingia mabwawani, wakawatwaa makinda na kuwauza kwa fedha kidogo. Makinda hao walipelekwa katika bustani za mahoteli na nyua za wenye mali, wawe pambo. Ili wasiruke, walikatwa manyoya ya mabawa, na wengine walivunjwa hata mifupa. Korongo aliyefungwa hivyo ni shida kuzaa. Kwa hiyo aliyenunua kinda mmoja alinunua pia uzao wote ambao ungetoka kwake. Tena mabwawa yenyewe yalikuwa yakikaushwa yawe mashamba. Mwaka 2012 korongo huyu alitiwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka duniani.

Angalieni basi: hao waliomfuga hawakumchukia hata kidogo. Kama mngaliwauliza, wangalijibu kwamba wanampenda sana, ndiyo maana wamemweka karibu. Lakini upendo usioutafuta wema wa yule apendwaye si upendo. Ni tamaa iliyovaa nguo ya sikukuu. Mwenye kupenda kweli humtakia mwenziwe kile ambacho Mungu alimwumbia, na korongo aliumbiwa kuruka.

Mwaka 2014 daktari wa wanyama, Olivier Nsengimana, Mnyarwanda mwenyewe, alianza pamoja na serikali ya nchi yake kazi ya kuwarudisha ndege hao porini. Baadaye akaunda chama cha Rwanda Wildlife Conservation Association cha kuiendeleza. Hawakuanza kwa kuwafunga watu. Walitangaza redioni kwamba kila afugaye korongo ajitokeze aandikishwe, wala hataadhibiwa. Watu wakajitokeza, na ndege zaidi ya 200 wakaandikishwa. Waganga wa wanyama wakaenda nyumba kwa nyumba, wakawapima ugonjwa na kuwatia pete miguuni. Walioonekana wazima walitengwa kwanza katika karantini, kisha wakapelekwa katika mbuga ya Akagera, wakawekwa ndani ya ua mkubwa mpaka manyoya yao yaote na mabawa yapate nguvu. Hakuna aliyewafukuza watoke. Kila mmoja alipoweza, aliruka mwenyewe akaenda zake. Zaidi ya 100 wamerudi hivyo.

Kazi haikuishia hapo. Vijana wa vijiji vilivyo kando ya bwawa la Rugezi wamewekwa kulinda viota na kuhesabu ndege, na watoto wa shule wamepewa vitabu vya picha wajifunze mapema. Kila mwaka korongo wa nchi nzima huhesabiwa. Mwaka 2017 walionekana wasiofika 500. Hesabu za miaka ya karibuni zimepita 1,000.

Sasa tulinganishe jambo hili na mafundisho ya Sakramenti ya Kitubio. Twafundishwa tangu utoto kwamba haitoshi kujuta wala kuungama. Yapasa pia kufanya malipizi. Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru, hakuishia kufurahi kwamba Bwana ameingia nyumbani mwake. Alisimama akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila mtu aliyemdhulumu. Vivyo hivyo, msamaha uliotangazwa Rwanda uliwaondolea watu adhabu, lakini haukuwapa ruhusa ya kubaki na ndege. Aliyesamehewa alipaswa kufungua mkono. Je, ni wangapi kwetu waendao kuungama kabla ya Pasaka, nao wamekwisha kusogeza mpaka wa shamba la mjane, na baada ya Pasaka mpaka uko pale pale? Ni wangapi waliozuia mshahara wa mtumishi, wakaomba radhi kwa Mungu, na mshahara haujatoka mfukoni?

Liko jambo la tatu, nalo ni zito zaidi. Si korongo wote walioweza kurudi porini. Wale waliovunjwa mabawa hawataruka tena kamwe. Wametengenezewa mahali pao Kigali, paitwapo Umusambi Village, penye majani na maji, na huko watatunzwa mpaka kufa kwao. Aliyemvunja mmojawapo huenda amekwisha kusamehewa na serikali, tena na Mungu. Lakini ndege bado anatembea kwa miguu, na watu wengine ndio wanaomlisha. Tusijidanganye, ndugu. Msamaha huondoa hatia ya mkosaji, bali jeraha hubaki kwa aliyekosewa. Mtu aliyeharibiwa jina kwa uwongo wetu hapati jina lake siku tunayoungama. Binti aliyekatazwa shule ili achunge ng'ombe hairudishiwi miaka yake. Kwa hiyo malipizi mengine hayana mwisho: ni kumtunza maisha yote yule tuliyemvunja, bila kunung'unika na bila kutaka sifa.

Atasema mtu: kuna watu wenye njaa na wagonjwa wasio na dawa, mbona mwatuhubiria habari za ndege? Swali hilo lina haki yake, na sisi hatumweki ndege juu ya mwanadamu. Hata hivyo sheria ya Musa iliyokataza kumchukua ndege mama pamoja na makinda yake ndiyo hiyo hiyo iliyoamuru masazo ya mavuno yaachiwe mjane na yatima. Moyo uliojifunza kujizuia mbele ya kiota hujizuia pia mbele ya maskini. Tena bwawa la Rugezi si la korongo peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, bwawa hilo lilipoharibiwa na maji yake kupungua, umeme wa mtambo wa Ntaruka ulipungua pia, na wanadamu wakakaa gizani. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kila kiumbe kina thamani mbele ya Mungu hata pasipo kutufaa kitu. Lakini hapa twaona kwamba, tunapokiheshimu, mara nyingi hutufaa.

Wala lawama isimwangukie maskini peke yake. Yule aliyeingia matopeni usiku kuchukua kinda alisukumwa na njaa. Aliyemnunua hakusukumwa na kitu ila majivuno. Kama pasingalikuwa na mnunuzi, pasingalikuwa na mwizi. Mwenye nacho ndiye apaswaye kuanza kurudisha, na asipoanza yeye, asimwite polisi kumkamata mwenziwe.

Basi, wasomaji wapenzi, juma hili kila mmoja wetu aangalie ua wake. Kuna nini humo ambacho wageni hukisifu, nacho si chetu? Huenda ni shamba, huenda ni fedha, huenda ni mtu tuliyemfunga kwetu tukisema twampenda. Tusingoje tulazimishwe. Tukirudishe mapema, wakati bawa lake lingali zima. Na iwapo tumekwisha kulivunja, Mungu atujalie uvumilivu wa kumlisha.