Damu Hii i Juu ya Nani?

Tarehe 6 Machi 1987 meli ya Waingereza, Herald of Free Enterprise, iliondoka Zeebrugge katika Ubelgiji, na milango yake ya mbele i wazi. Baharia aliyepasiwa kuifunga alikuwa amelala. Maji yakaingia, meli ikalala ubavu, wakafa watu 193.

Wengi watasema mwenye kosa ni yule aliyelala. Lakini manahodha wa kampuni ile walikwisha omba taa ya kuwaonya kama milango haikufungwa, wakakataliwa. Taa tu! Kampuni ikashitakiwa, na mwaka 1990 hakimu akaiachilia, kwani sheria ilitaka kwanza apatikane mkubwa mmoja ambaye hatia yote ni yake. Uzembe wa huyu na wa yule haukuweza kujumlishwa.

Mafakihi hawakuuliza hivyo. Mwenye kuchimba shimo katika njia ya watu pasipo haki, akatumbukia mtu akafa, diya hulazimu, ijapokuwa mchimbaji hakumsukuma wala hakuwapo. Je, wakichimba watu kumi, dhima itapotea kwa wingi wao? Waingereza walitunga sheria ya kupima uendeshaji wa kampuni nzima mwaka 2007, miaka 20 baada ya watu wale kuzama.