Ukingo wa Paa

Mtu akiisha kupata nyumba yake mwenyewe, kwa kujenga au kwa kununua, jamaa na jirani humjia kumpongeza. Hutazama kuta, husifu milango, hunywa chai, kisha huenda zao. Mwenye nyumba naye hujiona ametua mzigo: kodi hailipi tena, wala hapana mtu wa kumwambia ahame. Ni haki yake kufurahi. Lakini twataka kuuliza neno moja ambalo siku ile halisemwi: je, mtu huyu amepokea nini pamoja na ule ufunguo? Siku mgeni wake au mtoto wa jirani atakapodhurika humo, kwa ubovu ambao mwenye nyumba hakuujua, nani atajibu?

Swali hili ni la zamani sana. Yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo, mfalme Hammurabi wa Babeli aliandikisha sheria za nchi yake katika jiwe. Imo sheria juu ya fundi: akijenga nyumba isiyo imara, nayo ikaanguka ikamwua mwenyewe, fundi auawe. Sheria hiyo ni kali, walakini yamtazama fundi peke yake, tena yangoja mpaka ukuta umekwisha kuanguka. Katika Torati twaona njia nyingine. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, humwagiza ajengaye nyumba mpya azungushe ukingo juu ya paa lake, ili nyumba isipate hatia ya damu ya mtu. Mapaa ya nchi ile yalikuwa tambarare. Watu walianika kitani huko juu, walikaa na kulala. Hatari ilijulikana kwa wote.

Na tuangalie mambo matatu katika agizo hilo. Kwanza, laambiwa mwenye nyumba, si fundi. Pili, lataka kazi ifanywe kabla ya mtu yeyote kuanguka. Tatu, halisemi habari za watoto wa nyumba ile tu. Yeyote apandaye alindwe. Basi mwenye paa hawezi kusema, "Paa ni langu, nitalifanya nipendavyo." Mbao na mawe ni yake, uhai wa anayepanda si wake.

Labda mtu atasema: "Ningejua, ningetengeneza. Je, nitahukumiwa kwa jambo nisilolijua?" Neno hili lina haki ndani yake, nasi hatutaki kulipuuza. Lakini kutojua ni kwa namna mbili. Iko namna ya mtu asiyeweza kujua. Tarehe 16 Mei 1968, mjini London, katika jengo refu liitwalo Ronan Point, mama mmoja aliamka alfajiri akawasha kiberiti apate kupika chai. Gesi ilikuwa imevuja usiku, ikalipuka. Pembe nzima ya jengo iliporomoka, na watu wanne wakafa. Wapangaji walikuwa wameingia miezi michache tu kabla ya siku ile. Baadaye ilionekana ya kuwa nati iliyounga mpira wa gesi na jiko ilikuwa mbovu, na kuta zenyewe hazikufungamana vya kutosha. Mama yule angejuaje? Hapa lawama yawarudia waliounga na waliojenga. Tena twajifunza ya kuwa upya wa nyumba si dhamana ya usalama.

Namna ya pili ni ya mtu ambaye angejua kama angeinama kutazama. Huyu hakukosa nuru, alikosa kuinua taa. Kutojua kwake ni jambo alilolichagua kila siku kwa kupita bila kuangalia, nasi twasema ya kuwa hakumwondolei deni.

Basi ni mambo gani ambayo mwenye nyumba wa leo aweza kuyajua? Na atazame umeme: soketi yenye joto au alama ya kuungua, waya uliochubuka, swichi inayotoa cheche. Breka ikiruka mara kwa mara, inamwonya. Wako watu waiondoao wakaweka kubwa zaidi, au wafungao kipande cha waya mahali pa fyuzi. Hao wamemziba mlinzi kinywa kwa sababu anapiga kelele. Kama kipo kifaa kinachokata umeme unapovuja, kina kitufe cha kujaribia. Na akibonyeze mara kwa mara aone kama chakata. Nyumba isiyo na waya wa ardhini, amwite fundi mwenye leseni.

Na atazame mtungi wa gesi. Povu la sabuni likipakwa kwenye mpira na viungo vyake litaonyesha panapovuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hushuka ikatandaa sakafuni. Harufu yake ikisikika, afunge mtungi, afungue milango, asiguse swichi wala kiberiti. Jiko la mkaa lisilale chumbani na watu, hata usiku wa baridi kali, maana hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki tena.

Na azunguke nje. Mifereji ya paa iliyoziba hurudisha maji ukutani, na mabati yaliyolegea hung'olewa na upepo. Ufa auwekee alama ya kalamu na tarehe kwenye ncha zake, apate kujua kama waendelea. Agonge miimo ya milango asikie kama mchwa wameifanya mapango. Tangi la maji liwe na mfuniko, mbu wasizae humo. Zaidi ya yote, atazame kifuniko cha shimo la maji machafu. Kutoka 21, mstari wa 33 na 34, humtoza aliyeacha shimo wazi gharama ya ng'ombe aliyetumbukia. Kama ng'ombe ana thamani hiyo, tuseme nini juu ya mtoto achezaye uani? Wala mtu asiingie shimoni humo kumfuata aliyeanguka bila vifaa. Hewa yake yaua hata mwokozi.

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Methali hii ni ya kweli, lakini yahesabu gharama tu: yatuonya kuwa uvivu wa leo utakula fedha ya kesho. Ukuta waweza kujengwa tena. Aliyekuwa amelala chini yake hajengwi.

Tena mwingine atasema, "Fedha zimekwisha katika kujenga." Twajua ya kuwa hili ni kweli kwa wengi. Walakini kazi nyingi tulizozitaja zataka macho, pua na sabuni kidogo. Na palipo na haja ya fedha, swali ni hili: kipi kitangulie? Twaona nyumba yenye rangi mpya sebuleni na waya wazi jikoni. Rangi huonwa na wageni, waya hauonwi na mtu. Mwenye nyumba amejibu swali letu kwa matendo yake: ameweka sifa yake mbele ya uhai wa walio ndani. Yatupasa kuanza na kile kiuacho, ndipo tufuate kile kipendezacho.

Wala mtu asidhani ya kuwa kutazama hatari ni kukosa imani. Agizo la ukingo walipewa watu waliomtumaini Mungu.

Basi, wapenzi wasomaji, kila mwenye nyumba na achague siku moja kabla ya masika na siku moja kabla ya vuli. Azunguke na daftari, aandike alichokiona na alichokitengeneza. Awaonyeshe watu wote wa nyumbani, hata watoto wakubwa, mahali pa kuzimia umeme na pa kufungia gesi. Na anayeuza au kupangisha amweleze anayeingia ubovu anaoujua, maana aunyamazaye ameuza hatari pamoja na nyumba.