Muziro wa karanga

Neno "mzio" lina umri mkubwa kuliko daktari anayelitumia. Siku hizi tunalisikia hospitalini na redioni: mtoto ana mzio wa vumbi, mzio wa maziwa, mzio wa dawa fulani. Tunadhani ni neno lililochongwa juzi na wataalamu. Lakini kwa Waswahili wa zamani mzio ulikuwa chakula ambacho mtu amekatazwa, ama na mganga ama na desturi, yaani mwiko. Na ukipanda basi mpaka Karagwe utamkuta ndugu yake neno hilo akiwa hai kabisa: muziro. Koo za Wanyambo zina miziro yao, mnyama au chakula ambacho watu wa ukoo hawali. Wahinda, ukoo wa watawala wa zamani, muziro wao ni tumbili. Ukivuka kwenda kwa Waganda kuna ukoo mzima unaoitwa Nsenene, na watu wake hawali senene, ilhali majirani zao wanazigombania kila msimu.

Nayasema haya kwa sababu mwanangu wa miaka sita ana mzio wa karanga, na bibi yake, anayeishi Kyerwa, si mbali na Nkwenda, ameamua kwamba ana muziro.

Tulifika kwake likizo ya Juni, kiangazi kimeanza, kahawa imeanikwa uani, karanga mpya zimejaa kwenye magunia. Nilikuwa nimejiandaa kueleza, na nikaeleza: kinga ya mwili inaidhania karanga kuwa adui, koo linavimba, pumzi inakata, na yote hayo ndani ya dakika chache. Mama mkwe alinisikiliza hadi mwisho, kwa ile heshima ambayo wazee humsikilizia mtu wa mjini. Kisha akawageukia wajukuu, na jirani aliyekuwa anamenya ndizi, akawaambia kwa Kinyambo kwamba huyu ana muziro wa karanga. Basi. Ndani ya saa moja kinu kilikuwa kimehamishiwa nyuma ya nyumba. Sufuria ya mtoto ikatengwa, na mwiko wake pia. (Kiswahili kina utani wake: mwiko wa kupikia na mwiko wa kukataza vimekaa ndani ya neno moja.)

Mimi nikanyamaza. Swali linalonisumbua tangu siku ile ni kama kunyamaza kule kulikuwa uongo.

Wapo watakaosema swali lenyewe ni la kitajiri. Mtoto yuko salama, unataka nini tena? Mwanafalsafa Kant, katika insha yake ya 1797, alishikilia kwamba hata muuaji akibisha hodi akimtafuta rafiki yako, huruhusiwi kumdanganya. Nikiisoma insha ile nawaza tu kwamba Kant hakuwahi kupika kwenye uani wenye watoto tisa. Lakini siwezi kulitupa swali lake moja kwa moja, maana hapa kweli na usalama havijatengana kama tunavyodhani.

Kwanza nimtendee haki bibi. Yeye hajakosea. Anaujua muziro wa ukoo wa mumewe kuliko mimi, na anajua si karanga. Angekuwa anaamini ni muziro wa ukoo, angemkataza na dada yake mwanangu, ambaye hula karanga za kuchemsha mpaka tumbo linauma, na hakuna anayemgusa. Alichofanya ni kuchagua neno linalofanya kazi. Maelezo yangu ya kinga ya mwili yalihitaji watu waniamini mimi. Muziro hauhitaji imani ya namna hiyo. Kila mtu pale amelelewa akijua kwamba kuna mtu ambaye hapewi kitu fulani, kwamba chombo chake huangaliwa, na kwamba akikataa chakula hamtukani mwenye nyumba.

Hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kwenye nchi hii ya migomba, kumkatalia mtu chakula chake ni kumkatalia yeye mwenyewe. Tena pana aibu nyingine, ya kisasa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wana udumavu, na Kagera, pamoja na ndizi zake zote, iko juu ya wastani huo. Mhudumu wa afya anahimiza uji wa lishe, na uji wa lishe mara nyingi una karanga. Katika mazingira hayo mama anayesema "wangu asipewe karanga" anasikika kama mwenye maringo. Anayesema "ana muziro" anasikika kama mtu.

Na desturi ya kuheshimu mipaka ya tumbo la mwenzako ni ya siku nyingi hapa. Speke alipofika kwa mfalme Rumanyika mwaka 1861 aliandika kwamba anayekula kuku, samaki au maharage hakupaswa kuonja maziwa, kwa kuwa iliaminika ng'ombe wangedhurika. Yeye aliona ni ushamba. Mimi naona ni jamii iliyokwisha kubali kwamba kilichomo tumboni mwa mmoja kinaweza kuwa na madhara kwa mwingine, na ikajipanga kwa ajili hiyo. Familia za Ulaya zinahangaika leo kuwafundisha walimu na mashirika ya ndege jambo hilohilo.

Ningeishia hapa ningekuwa nimemaliza kirahisi mno. Muziro haukuwa ulinzi tu. Zamani hapa Kagera wanawake walikesha wakikusanya senene, wakazinyonyoa mabawa na miguu, wakazikaanga, wakawapelekea waume zao, na wao wenyewe hawakuruhusiwa kula. Iliitwa mwiko vilevile. Neno lililomlinda mtu lilitumika pia kumnyima mtu, na aliyenyimwa hakuwa na pa kuuliza sababu, kwa kuwa mwiko hautoi sababu. Ninapomkabidhi mwanangu kwa neno hilo, namkabidhi kwa neno lisilojibu "kwa nini". Na yeye, jamani, ni mtoto wa "kwa nini".

Wiki ya pili aliuliza: kwa nini dada hana muziro? Kabla sijajibu, binamu yake wa miaka kumi alidakia. Muziro ni mambo ya wazee, alisema. Baba yake amekula muziro wake mara nyingi tangu aokoke na hajafa. Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayetoa taarifa.

Hapo ndipo nilipoona ufa. Muziro una nguvu kwa bibi na kwa jirani mwenye ndizi. Kwa kizazi cha binamu, muziro ni kitu ambacho watu wamekwisha kukijaribu na hakuna kilichotokea. Na hawa ndio atakaoshinda nao: kibanjani, mtoni, dukani. Mtoto aliyesikia kwamba mwenzake ana muziro anaweza, kwa mapenzi tu, kumwonjesha ili kumwonyesha kwamba hakuna kitu. Mwiko unaovunjika bila madhara humfundisha mtu ujasiri, na kwa mwanangu ujasiri huo ni koo lililoziba.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na sidai ni wa kila nyumba. Kumwachia bibi neno lake si uongo, kwa sababu sisi wawili tunajua tunazungumzia nini. Lakini watoto wale walikuwa wanaelewa kitu kingine kabisa. Kuwaacha nacho ndiko kungekuwa kuwadanganya, hata kama kila neno lililotamkwa lingeweza kutetewa kwa kamusi. Siku ileile niliwakalisha wote tisa na kuwaambia wazi: huyu akila karanga, hata kidogo, anaweza kukosa pumzi, na si mambo ya wazee. Mkila, mnawe kwa sabuni. Maji matupu hayatoshi. Akianza kukohoa au kuvimba midomo, mnaita mtu mzima huku mnakimbia. Binamu aliuliza maswali mengi kuliko wote, na sasa yeye ndiye askari.

Nilidhani bibi angechukia kuona neno lake limewekwa kando. Alikuwa amekaa mlangoni akisikiliza. Aliniambia tu kwamba sisi wa mjini tunawaficha watoto vyakula mpaka miili inavisahau. Nilicheka, ingawa utafiti uliofanyika London na kutolewa mwaka 2015 uko upande wake kiasi: watoto wachanga waliokuwa hatarini kupata mzio, walipopewa karanga mapema, waliupata kwa uchache sana kuliko walionyimwa. Hilo ni la kuzuia, na huzungumzwa na daktari. Kwa aliyekwisha kuwa na mzio hakuna kumjaribu nyumbani, na nilimwambia hivyo.

Akanyamaza kidogo, halafu akauliza jambo ambalo hakuna mtu wa mjini aliyewahi kuniuliza. Muziro wa kawaida ukivunjwa, kuna la kufanya. Huu ukivunjwa, tunafanya nini? Nikamwonyesha adrenalini tuliyopewa kwa cheti cha daktari, na namna ya kuichoma pajani. Zile kalamu za kujidunga ambazo wazazi wa Ulaya hubeba mkobani ni adimu kwetu. Tukaongea kuhusu hospitali, Isingiro au kuvuka mpaka Nyakahanga, na barabara ikoje usiku. Alitaka namba ya bodaboda asiyelewa, akasema anamjua mmoja tu. Kisha akakumbuka harusi ya Agosti kule Murongo, wapishi ni wa kukodi na hawajui muziro wa mtu, akauliza nani atakwenda kusimama jikoni.