Kosa Lenye Jina

Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu. Alikuwa na umri wa miaka 39. Kiti akamwachia Rashidi Kawawa, mwenyewe akarudi kwenye kazi ya chama: kuzunguka nchi, kukaa na wanachama wa TANU, kusikiliza na kuandika. Mwaka huohuo kikatoka kijitabu chake chembamba, Tujisahihishe.

Hakikuwa kijitabu cha kuwasema wakoloni. Walengwa walikuwa wenzake chamani, naye akiwamo, na makosa yao: ubinafsi, unafiki, woga wa kumkosoa kiongozi, uvivu wa kujielimisha, na ile tabia ya kuipima hoja kwa kumtazama aliyeitoa. Ni vyama vichache vilivyojisema namna hiyo huku shangwe za ushindi zikiendelea.

Wanaomsifu Mwalimu aghalabu huishia hapo. Wanaruka sehemu nzito.

Mwaka 1972, Nyerere akiwa sasa Rais, serikali yake ilifuta halmashauri za wilaya, na madaraka yakachukuliwa na maofisa waliotumwa kutoka serikali kuu. Mwaka 1976 ikavunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU ya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ikiwamo, ambayo ilikuwapo tangu 1933. Kazi ya kununua mazao ikaangukia mikononi mwa mamlaka za serikali. Mtu aliyewahimiza wenzake wajisahihishe akawa amewaondoa barazani watu wawili ambao wangeweza kumsahihisha: diwani na mwanaushirika. Inaelekea kujua ubaya wa kosa hakumkingi mtu asilitende, hata kama ubaya huo aliuandika yeye mwenyewe.

Sheria za kurudisha ushirika na serikali za mitaa zilipitishwa mwaka 1982. Miaka miwili baadaye, akiwa bado Rais, Nyerere aliliambia jarida la Third World Quarterly kwamba kama angeanza upya, mambo hayo mawili asingeyafanya. Aliyataja moja moja, na akataja kilichoyaleta: papara na kutojua. Kabla ya hapo, mwaka 1977, katika tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, alikwishakiri kwamba nchi haijawa ya kijamaa wala haijaweza kujitegemea. Mkulima aliyekuwa amechoka kusubiri malipo ya mazao yake pengine aliona kauli ya 1984 imechelewa mno, na ana haki ya kuona hivyo. Lakini angalau lililokosewa lilijulikana ni lipi.

Linganisha na ujumbe unaozunguka kwenye simu kila Desemba 31: kama kuna niliyemkosea kwa kujua au kutojua, naomba anisamehe. Unatumwa kwa watu mia mbili kwa mpigo. Aliyekopwa akadhulumiwa anaupata, na shemeji asiyedai chochote anaupata vilevile. Kisha aliyetuma analala usingizi mnono, deni likiwa palepale.

Kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, hakina mchezo huo. Wanachama, wengi wao akina mama, hukaa duara, na sanduku la fedha huwekwa katikati. Lina kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Kabla ya mtu yeyote kununua hisa, salio la kikao kilichopita hutajwa kwa sauti na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Aliyechelewa analipa faini hapohapo, na ambaye hajarejesha mkopo anasema ni kiasi gani na atalipa lini. Hakuna anayemwita mwenzake mwovu. Mama mmoja akiguna, hesabu inaanza upya. Ni tafakari ya kelele kidogo, lakini inazaa kuliko ile ya kujifungia chumbani, ambako mtuhumiwa, wakili na hakimu ni mtu mmoja, na kesi huisha mapema.

Nyumbani nako kuna kumbukumbu ambayo haina aibu wala upendeleo: ujumbe wa miamala ya simu. Bodaboda, vocha, rambirambi, chipsi za saa nne usiku, vyote vimo, na tarehe zake. Mume na mke wanaoamua kuipitia pamoja huanza kubishana kabla hawajasoma hata mstari mmoja. Mwenye simu hupenda waanze na Januari, mwezi aliolipa ada za watoto. Mwenzake anataka Desemba.