Kuacha Dawa si Kutawakali

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyeyaumba maradhi akaziumba na dawa zake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, leo twataka kusema nanyi juu ya jambo lililomo katika nyumba zetu nyingi za Pwani, nalo ni dawa za maradhi ya sukari. Huenda mtu akauliza: Sheikh ana nini na vidonge na sindano? Si yaachwe kwa madaktari? Twamjibu kuwa lau watu wangaliyaacha kwa madaktari, sisi tusingaliandika. Lakini twaona mgonjwa hutoka hospitali na dawa yake mkononi, kisha akaitupa kwa neno alilolisikia barazani, na mara nyingi neno hilo huvikwa kanzu ya dini.

Na twaanza kwa kosa letu wenyewe, ili asidhani mtu kuwa twawasema wengine. Miaka kadhaa iliyopita alitujia mzee mmoja baada ya sala ya alasiri, akatwambia: "Sheikh, nimeambiwa sindano hii ya sukari yatokana na nguruwe. Wasemaje?" Sisi hatukuwa tukijua lolote juu ya sindano hiyo. Wajibu wetu ulikuwa kusema, "Mzee wangu, hatujui, tupe siku mbili tuulize." Tukaona haya mbele za watu. Tukamjibu kuwa lenye shaka ni bora kuliepuka. Yeye akalichukua jawabu hilo kuwa ni fatwa, akaiacha sindano. Haikupita miezi mingi akakatwa mguu, kisha akafariki. Ajali ya mtu i mikononi mwa Mola wake, hilo twaliamini. Lakini ulimi wetu tutaulizwa sisi. Mjane wake angali akitusalimu kwa heshima tukipita mlangoni pake, na salamu ile hutuumiza kuliko lawama.

Baada ya hapo ndipo tulipouliza, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Mwenyezi Mungu ameweka katika mwili kiungo kiitwacho kongosho, nacho hutoa maji yaitwayo insulini, ambayo huiwezesha sukari ya chakula kutoka katika damu na kuingia mwilini ikawa nguvu. Kuna mgonjwa, na mara nyingi huwa mtoto au kijana, ambaye kongosho lake haliitoi kabisa, au huitoa kidogo mno. Huyo hana dawa ila sindano ya insulini, na akinyimwa hufa kwa muda mfupi. Na kuna mwengine, naye ndiye aliye wengi, ambaye insulini yake haitoshi au mwili wake hauitii. Huyu huanzishiwa vidonge, pamoja na kupunguza chakula na kuutembeza mwili. Na vidonge visipotosha huongezewa sindano. Basi wasemao kuwa sindano ndiyo alama ya mauti wamegeuza mambo: kinachoua ni sukari iliyoachwa bila ya kizuizi.

Ama lile la nguruwe, jawabu lake ni hili. Insulini iligunduliwa katika mji wa Toronto, Canada, mwaka 1921, na mwaka 1922 akadungwa kijana wa miaka 14 aliyekuwa karibu na kufa, akaishi. Kwa miaka mingi ilikuwa ikitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Lakini tangu mwaka 1982 imepatikana insulini iliyo sawasawa na ya binadamu, ambayo hutengenezwa kwa vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, na hiyo na mfano wake ndiyo itumikayo zaidi leo. Hata zamani, mwenye kuchelea kufa na asiyekuwa na nyengine, sharia haikumfungia mlango, kwani dharura ina hukumu yake. Mzee wetu yule alikufa kwa kuogopa kitu ambacho yamkini hakikuwamo katika chupa yake.

Na kuna wasemao: "Vidonge vyaharibu figo, mimi natumia habasoda na miti shamba." Twasema: figo huharibiwa na sukari yenyewe na presha inapoachwa. Ni kweli metformini, kidonge kitumikacho zaidi, hupunguzwa au huachishwa figo zikisha dhoofu. Na kwa hivyo mgonjwa hupimwa. Lakini la kuamua hilo ni daktari, si jirani. Wala sisi hatuidharau miti. Metformini hiyo asili yake ni elimu ya mti mmoja wa Ulaya, ikaanza kutibiwa watu Ufaransa mwaka 1957, baada ya kupimwa na kujulikana kiasi chake. Na Mtume wetu (s.a.w.) aliyeisifu habasoda ndiye huyo huyo aliyeulizwa na mabedui kama wajitibu, akawaamrisha wajitibu. Vipi tushike neno lake moja tulivunje la pili? Na kombe na hirizi, ambazo wauzaji wake humwambia mgonjwa aache sindano siku saba, hizo ni biashara ya roho za watu.

Sasa tuje kwenye Ramadhani, kwani hapa ndipo penye khatari. Kujidunga insulini hakufunguzi, kwa kuwa haipiti katika tundu lililo wazi kwenda tumboni, wala si chakula. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lilikata shauri la namna hiyo huko Jedda mwaka 1997 juu ya sindano zisizokuwa za kulisha. Wala kujitoboa kidole kupima damu hakufunguzi. Kwa hivyo hana udhuru mwenye kuacha kujipima. Amwendee daktari wake mwezi mmoja na nusu au miwili kabla ya Ramadhani, apangiwe dawa za futari na za daku, wala asijipangie mwenyewe. Kwani baadhi ya vidonge, kama glibenklamidi, na insulini pia, huweza kuishusha sukari mno. Akiona anatetemeka, anatoka jasho, au akili yamzunguka, au kipimo kimeshuka chini ya 70, au kimepanda juu ya 300, na afungue hapo hapo, japo imebaki nusu saa kuadhini magharibi. Aliyeshukiwa na sukari apewe maji ya sukari. Akiwa hajifahamu asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali. Mola wetu amemruhusu mgonjwa katika Sura ya al-Baqara ahisabu siku nyengine, na asiyetarajia kupona hutoa kibaba kwa kila siku. Mwenye kuikataa rukhsa ya Mola wake hakuzidi uchaji kwa hilo.

Na insulini yataka ubaridi. Asiyekuwa na friji aitie chupa ndani ya mfuko usiopenya maji, aiweke katika mtungi wa udongo uliotiwa maji kwa nje, mahali pa kivuli. Wala isigandishwe kwa barafu, kwani huharibika.

Neno letu la mwisho ni kwa wenye nafasi. Wale waliogundua insulini waliiuza haki yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja, ili asizuiliwe mgonjwa. Nao si watu wa dini yetu. Je, sisi wenye kutoa zaka, na wenye kutandika sinia za kaimati na tambi msikitini, twashindwa kumnunulia dawa mtoto wa maskini aliye mtaani petu? Kila mtaa uwajue wagonjwa wake.

Kutawakali ni kumfunga ngamia kisha kumtegemea Mungu. Na mwenye kuulizwa asilolijua na aseme hajui, wala asione haya. Sisi tuliona haya siku moja, na mzee yule hatutaweza kumrudisha.

Ewe Mola wetu, tusamehe tulilolikosea, waponye wagonjwa wetu, na utupe elimu yenye manufaa. Amin.