Mbuzi wa Shosho Alikuwa na Chumba Chake

Ukitafuta keja Nakuru siku hizi, iwe Kiamunyi, Naka au Section 58, keateka atakutajia kodi, dipoziti na siku za maji, kisha atamalizia na sharti lisilo na mjadala: hakuna wanyama. Tangu Nakuru iwe jiji, tarehe 1 Desemba 2021, magorofa hayajaacha kuota, na sijaingia hata moja ambalo mchoraji wake aliwazia kwamba mpangaji anaweza kuishi na kiumbe mwenye miguu minne. Mimi nina paka. Keateka wangu ameamua kutomwona.

Landilodi ana hofu zake, nazo ni za kweli: mkojo, viroboto, kelele, jirani mwenye pumu. Simlaumu sana. Linaloninyima usingizi ni swali lingine. Mtu akimfungia mnyama ndani ya nyumba yake, ana deni gani kwake? Na je, deni hilo linalipwa kwa kumpenda tu?

Marafiki zangu hucheka nikiwaonyesha picha za nyumba za Japani ambamo ngazi za paka zimepigiliwa ukutani hadi karibu na dari, au sofa iliyoachwa pango la mbwa chini ya kiti. "Hayo ni mambo ya wazungu," wananiambia, kana kwamba Wajapani ni wazungu. Lakini nyumba inayopangwa mnyama akiwa ndani ya hesabu si kitu kigeni huku Bonde la Ufa. Nyumba ya mwanamke wa Kikuyu ilikuwa na gĩcegũ, kizimba cha ndani cha mbuzi au kondoo wa kunoneshwa. Nyumba ya Kimaasai ina sehemu ya ndama na vitoto vya mbuzi. Wanandi nao walitenga upande wa mbuzi chini ya paa lao wenyewe. Shosho yangu kule Bahati alihamia nyumba ya mabati kitambo, lakini jikoni aliacha kona yenye uzio. Mbuzi wake alilala juu ya mbao zilizoachiwa nafasi katikati, ili mkojo uteremke na kwato zibaki kavu. Hakuna aliyemwita Shosho mbunifu wa samani.

Siwezi kuyaremba maisha hayo. Moshi ulikuwa mwingi, viroboto pia, na mbuzi wa gĩcegũ hakuwa mgeni wa heshima. Alikuwa akisubiri kisu. Hapo ndipo jambo lenyewe linapouma. Tembea Milimani mchana ukaangalie ndani ya mageti. Mbwa ana jina, ana kadi ya chanjo, ana picha Instagram, lakini anashinda ndani ya kibanda cha mbao ambamo hawezi kugeuka bila mkia kugonga ukuta. Mwenye mbwa anampenda, sina shaka. Shosho hakuwahi kusema anampenda mbuzi. Alimpa nafasi, akamletea majani, na siku ilipofika tukamla. Ukiniuliza ni yupi kati ya hao wawili aliyetendewa haki zaidi alipokuwa hai, nitasema mbuzi, na sitasitasita.

Hata Uingereza, kipimo kilianza na wanyama wa kuliwa. Mwaka 1964 Ruth Harrison alichapisha kitabu kuhusu ufugaji wa viwandani kikawashtua watu. Mwaka uliofuata kamati ya serikali iliyoongozwa na Profesa Brambell ikasema mnyama wa shamba apewe angalau uwezo wa kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Mambo matano tu, wala mapenzi hayamo.

Chukua kipimo hicho ukiingize kwenye bedsita. Paka anaporarua sofa hana madharau. Anajinyoosha, anabandua ganda kuukuu la kucha, na anaacha alama kwamba hapa pana mwenyewe. Kwa hiyo anahitaji nguzo ndefu inayotosha mwili wake wote, nzito isiyoyumba, iliyozungushiwa kamba ya mkonge. Mkonge wenyewe unalimwa hapo tu Mogotio. Anahitaji pia mahali pa juu, kwa sababu paka hujiona salama akiwa juu, na choo chake kisikae kando ya sahani. Kitambaa cha sofa kisiwe cha nyuzi zenye vitanzi vya kunasa kucha. Mahameli inastahimili zaidi. Ndiyo hayo tu.

Nilimpelekea mchoro fundi mmoja wa barabarani kule Shabab: rafu ya dirishani na nguzo. Tulielewana Sh3,500. Halafu akaniuliza, "Kijana, kuna watoto hapa hawana kitanda. Wewe unamtengenezea paka rafu?"

Ni swali la haki. Jibu rahisi lilikuwa kwamba hakuna anayeulizwa hivyo akiagiza meza ya TV, na TV haisikii baridi. Lakini jibu hilo ni la kumnyamazisha mtu tu. Mtoto asiye na kitanda bado yupo, na deni lake ni letu sote: mimi, fundi, landilodi, serikali ya kaunti. La paka ni langu peke yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyefunga mlango. Huko sokoni alikozaliwa alikuwa na mapaa, magunia, mianya ya giza na panya wa kutosha. Nilimwondolea vyote hivyo nikampa futi kumi kwa kumi na mbili.

Ukikubali hoja hii, kuna mahali inakufikisha ambapo hutapapenda. Rafiki yangu alitaka kuchukua mtoto wa German shepherd na anaishi ghorofa ya nne, kazini saa kumi kwa siku. Nilimwambia aache. Kwa mbwa yule, sharti la keateka lingekuwa huruma, ingawa halikuandikwa kwa ajili yake. Lakini tusidanganyane kwamba tatizo ni wanyama ndani ya nyumba. Nairobi kuna Giraffe Manor, jumba la mwaka 1932, ambako twiga huingiza kichwa dirishani wageni wakinywa chai, na watu huvuka bahari kulipia hiyo raha. Mwenye nafasi huitwa mpenda wanyama. Mpangaji huitwa mchafu.

Fundi alinisikiliza bila kuacha kupiga randa. Sijui kama nilimshawishi. Alichotaka ni kipimo: paka akijinyoosha kabisa, kutoka kucha za nyuma hadi za mbele, ana urefu gani? Nilirudi na futikamba, nikamwinua kwenye ukingo wa kitanda, akaniparura mara mbili. Sentimita 84. Fundi aliiandika kwa penseli juu ya ubao, chini ya vipimo vya kabati la nguo la mtu mwingine, akaniambia ataongeza kumi, paka asije akaona amebanwa.